Tathmini ya huduma ya wakala wa hataza: kutetea njia ya kudhibiti ulishaji wa waya wa kuchomelea

Kwa takriban miaka minne tumekuwa wateja wa ofisi moja ya mawakala wa hataza (hati za kulinda uvumbuzi), ambayo sitaitaja kwa jina, katika ombi letu lililokuwa mbele ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Ombi hilo lilihusu njia ya kudhibiti ulishaji wa waya katika uchomeleaji wa tao la umeme. Hataza imetolewa, ingawa si kwa upana tuliouomba, na kwa kuwa shauri limefungwa naweza sasa kueleza kwa utulivu ni kipi katika huduma ile kilistahili malipo yake na ni kipi hakikustahili. Naandika kama mhandisi niliyeongoza kikundi kilichobuni njia yenyewe, si kama mwanasheria.

Kazi ya wakala haiwezi kupimwa bila kuelewa kitu kilichokuwa kikibishaniwa. Katika uchomeleaji wa MIG na MAG waya wenyewe ndio elektrodi: mota huuvuta kutoka kwenye roli, hupita ndani ya mrija wa kebo hadi kwenye tochi ya kuchomelea, na ncha yake huyeyuka ndani ya tao huku gesi ikiikinga dhidi ya hewa. Katika mpangilio wa kawaida mota husukuma waya kwa mwendo usiobadilika na mashine hushikilia volteji, na kwa njia hiyo urefu wa tao hujirekebisha wenyewe, kwa sababu ncha inapokaribia chuma mkondo hupanda, waya huyeyuka upesi zaidi na tao hurudia urefu wake. Mpangilio huo ni wa zamani na hakuna anayeweza kuudai leo. Ugumu huonekana pale mtu anapochomelea kwa mkondo mdogo, ambapo ncha ya waya hugusa dimbwi la chuma kilichoyeyuka na kupiga shoti mara nyingi kila sekunde. Kila inapogusa, mkondo huruka juu, shingo ya chuma iliyo kati ya waya na dimbwi hubanwa hadi ikakatika kwa mlipuko mdogo, na matone ya chuma hutapakaa. Aliyewahi kuyakwangua matone hayo kwa patasi siku nzima hahitaji kuelezwa kwa nini wahandisi wameyahangaikia kwa miongo mingi.

Njia za kuyapunguza zimegawanyika katika koo mbili. Ukoo mmoja huchezea umbo la mkondo, kama ulivyo mfumo wa STT wa Lincoln Electric, ambao hushusha mkondo muda mfupi kabla ya shingo kukatika. Ukoo wa pili huchezea waya wenyewe, na mfano wake mashuhuri ni CMT ya kampuni ya Fronius ya Austria, ambamo waya hurudishwa nyuma wakati wa shoti ili tone liachwe kwenye dimbwi bila mlipuko. Katika matoleo ya awali mwendo huo wa mbele na nyuma ulifika mara 70 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 14 tu. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo, maana shauri letu lote liliishia kuizunguka.

Tulichobuni sisi kinatokana na kero ya msuguano. Roboti inapozungusha mkono wake, kebo hupinda, mrija wa ndani huubana waya, na amri ya kurudisha waya nyuma huchelewa kufika kwenye ncha. Ucheleweshaji huo haulingani: kebo ikinyooka hupungua, ikijikunja huongezeka. Njia yetu husoma mkondo wa mota ya kulisha katika kipindi kifupi sana ambapo mota inageuza mwelekeo, hukadiria kutokana na usomaji huo ucheleweshaji ulivyo, kisha huitanguliza amri ya kurudi nyuma katika mzunguko unaofuata kwa kiasi kinacholingana na makadirio hayo. Hakuna kihisi kipya kinachofungwa kwenye tochi.

Hatua ya kwanza ya huduma, yaani kuandika ombi lenyewe, ndiyo niliyoridhika nayo kidogo kuliko zote. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa kijana mwenye adabu na kalamu nzuri, lakini aliandika akiwa mezani kwake kutokana na ripoti yetu ya kurasa sita, bila kuomba kuuona mfumo ukifanya kazi hata kupitia kamera. Madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile kinachoombewa ulinzi, yalitoka yakiwa mapana na laini, na maelezo yaliyopaswa kuyabeba yakatoka membamba. Mfano wa utekelezaji ulikuwa mmoja tu, wa waya wa unene wa milimita 1.2. Kulikuwa na sentensi yetu iliyosema kwamba hatua ya kuondoa mchango wa inesha (ukinzani wa sehemu za mashine dhidi ya kubadilishwa mwendo) kutoka kwenye usomaji inafaa kwa waya wa unene wowote. Yeye aliikata kwa maelezo kwamba haina uzito wa kisheria. Tuliirudisha kwa ukaidi tu. Hatukujua wakati huo kwamba sentensi hiyo moja ingekuja kuliokoa ombi.

Barua ya kwanza ya mtahini, yaani afisa wa Ofisi ya Hataza anayelikagua ombi, ilipofika, shauri lilikuwa limehamia kwa wakala mwandamizi wa ofisi hiyohiyo, na kuanzia hapo huduma ikawa ya kiwango kingine kabisa.

Pingamizi la mtahini lilikuwa la heshima na lenye nguvu. Upya haukupingwa. Kilichopingwa ni hatua ya uvumbuzi chini ya Kifungu cha 56 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya, kinachotaka uvumbuzi usiwe dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa fani husika. Waraka wa kwanza aliouleta ulieleza mfumo unaorudisha waya nyuma kila shoti inapogunduliwa kwa kushuka kwa volteji, na ndani yake mtumiaji aliweza kuweka muda wa kutanguliza amri ili kufidia ucheleweshaji wa mitambo. Waraka wa pili ulihusu kilisha waya cha kawaida, kisichorudi nyuma, ambacho hupima mkondo wa mota ili kumwonya mtumiaji kwamba mrija umechakaa au umejaa uchafu. Mtahini alisema: aliyesoma wa kwanza anajua kwamba kuna ucheleweshaji, aliyesoma wa pili anajua kwamba mkondo wa mota hufichua msuguano, na kuviunganisha viwili hivyo ni kazi ya kawaida ya mhandisi.

Nakiri kwamba nilipoisoma barua hiyo nilikubaliana nayo kwa robo tatu. Rasimu ya jibu niliyoituma kwa wakala ilizungumzia ubora wa mshono, upungufu wa matone na jinsi wateja wetu walivyofurahi. Aliirudisha akiwa ameandika pembeni kwamba hakuna hata neno moja humo linalomjibu mtahini. Alikuwa sahihi, na ndipo nilipoanza kuelewa ninalipia nini.

Mbinu inayotumiwa na ofisi hiyo ya Ulaya kupima hatua ya uvumbuzi huanza kwa kuchagua waraka ulio karibu zaidi na uvumbuzi, kisha kubainisha tofauti kati ya waraka huo na dai, kisha kuuliza tofauti hiyo inaleta athari gani ya kiufundi, na kutokana na athari hiyo kuunda tatizo ambalo mtu mwenye ujuzi angekabidhiwa kulitatua. Swali la mwisho ndilo la hukumu: je, mtu huyo angelifikia suluhisho la dai? Tangu uamuzi wa T 2/83 wa bodi za rufani za ofisi hiyo, haitoshi kuonyesha kwamba angeweza kulifikia. Lazima ionekane kwamba angelifikia kweli, kwa kusukumwa na jambo fulani katika maarifa yaliyokuwapo. Kiswahili kinazitenganisha dhana hizo vizuri, maana kati ya „angeweza kufanya" na „angefanya" kuna mlango mzima, na wakala wetu alijenga hoja yake yote kwenye kizingiti cha mlango huo.

Alianza kwa kukataa tatizo lililoundwa na mtahini. Mtahini aliliunda kama „jinsi ya kuupima msuguano ili kufidia ucheleweshaji". Wakala alionyesha kwamba maneno hayo tayari yamebeba nusu ya suluhisho: waraka wa kwanza hausemi popote kwamba ucheleweshaji unabadilika wakati wa kazi, bali unauchukulia kuwa sifa ya mashine inayowekwa mara moja na kuachwa, wala hauuhusishi na msuguano. Kugundua kwamba chanzo cha kuyumba kwa muda wa shoti ni msuguano unaobadilika kadiri kebo inavyopinda ni sehemu ya mchango wetu, na hauwezi kuwekwa ndani ya tatizo kana kwamba mtu wa fani alishakabidhiwa. Tatizo la haki, alisema, ni jinsi ya kuuweka muda wa shoti uwe thabiti zaidi mkono wa roboti unaposogea. Mtu aliyepewa tatizo hilo ana njia nyingi mbele yake: kuongeza mota ya pili, kuweka nafasi ya akiba ya waya kati ya mota mbili, kubadilisha mrija, au kurekebisha umbo la mkondo. Hakuna kinachomsukuma kwenda kusoma waraka unaohusu onyo la uchakavu.

Hoja iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Wakala aliusoma waraka wa pili kwa makini kuliko mtahini, na kuliko sisi. Katika aya ambayo wote tuliiruka, waandishi wake walieleza kwamba usomaji unaochukuliwa wakati mota inaongeza au kupunguza kasi lazima utupwe, kwa sababu wakati huo mkondo hutawaliwa na inesha ya mota na magurudumu, si na msuguano. Mfumo wao husubiri mwendo utulie na kuchukua wastani wa sekunde kadhaa. Wakala akaweka namba mbili kando kwa kando. Upande mmoja, wastani wa sekunde kadhaa. Upande wa pili, mzunguko wa milisekunde 14 ambao karibu wote ni wa kuongeza na kupunguza kasi, bila muda wa kutulia hata kidogo. Mtu mwenye ujuzi ambaye angeuchukua waraka wa pili na kuutii angeutupa usomaji uleule ambao njia yetu inautegemea. Kwa maneno mengine, kuunganisha nyaraka hizo mbili kama zilivyo kungeleta kilisha waya kinachorudi nyuma na chenye taa ya onyo, na si njia yetu.

Hoja hiyo haikuhitaji ushairi. Ilikaa katika kurasa mbili na nusu, na kila sentensi ilirejelea aya mahususi ya waraka mahususi. Nimeona majibu ya mawakala wengine yenye kurasa ishirini ambayo hayakufika popote.

Kabla ya kulituma jibu, alituomba vipimo vya kulinganisha, na hapa alitudai nidhamu ambayo awali niliiona kuwa ya kukera. Hakutaka picha za mishono mizuri. Alitaka mfumo uleule, waya uleule, kebo iliyopindwa kwa namna ileile, mara moja ukiwa na muda uliowekwa kwa mkono kama katika waraka wa kwanza na mara ya pili ukiwa na njia yetu, ili tofauti pekee kati ya majaribio iwe ile inayotofautisha dai na waraka huo. Alitueleza pia mipaka ya ushahidi unaowasilishwa baadaye: kufuatana na uamuzi wa G 2/21 wa Bodi Kuu ya Rufani ya ofisi hiyo wa Machi 2023, athari ya kiufundi inaweza kutegemewa iwapo mtu mwenye ujuzi, kwa kutumia maarifa ya kawaida na ombi kama lilivyowasilishwa, angeiona kuwa imo ndani ya mafundisho ya kiufundi ya ombi na imejumuishwa katika uvumbuzi uleule uliofichuliwa mwanzoni. Uthabiti wa muda wa shoti ulikuwa umetajwa tangu siku ya kwanza, hivyo tuliruhusiwa kuuthibitisha. Upungufu wa matone ulitajwa kwa sentensi moja isiyo na maelezo, naye akatushauri tusiuegemee. Laiti aliyeandika ombi angetuuliza mapema, tungekuwa na vyote viwili.

Mtahini hakushawishika mara moja, na tuliitwa kwenye kikao cha kusikilizwa kwa njia ya video mbele ya kitengo cha watahini watatu. Wakala aliwasilisha ombi kuu lenye dai letu pana pamoja na maombi mawili ya akiba yenye madai membamba zaidi. Kwangu jambo la kupendeza zaidi katika kikao lilikuwa pingamizi jipya, ambalo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyotangulia. Watahini walikubali kwamba waraka wa pili unaelekeza kwingine. Kisha wakauliza: ikiwa mkondo wakati wa kugeuka hutawaliwa na inesha, kama nyinyi wenyewe mlivyosisitiza, basi dai lenu kuu, lisilotaja hatua ya kuuondoa mchango wa inesha, linawezaje kukadiria msuguano? Upanga tuliouchomoa dhidi ya waraka wa pili ulikuwa umegeuziwa sisi. Dai lililoandikwa kwa upana ule lilihusisha pia utekelezaji usiofanya kazi, na athari isiyopatikana katika upana wote wa dai haiwezi kulibeba dai zima.

Wakala aliomba mapumziko ya dakika kumi na tano. Hakujaribu kunidanganya, alisema ombi kuu limekufa, tusilipiganie, na kwamba ombi la kwanza la akiba linaongeza hatua ileile ya kuondoa inesha. Kilichokuwa kimebaki ni Kifungu cha 123(2), kinachokataza kuongeza maudhui yasiyokuwamo katika ombi la awali. Mfano wetu wa pekee ulikuwa wa waya wa milimita 1.2, na kuichomoa hatua moja kutoka kwenye mfano huo na kuidai kwa waya wowote ni kosa ambalo ofisi hiyo hulikamata bila huruma. Hapo ndipo ile sentensi ya ukaidi ilipoitwa kutoa ushahidi. Wakala aliisoma kwa sauti, pamoja na namba ya ukurasa na mstari, na mjadala wa kipengele hicho ukaisha ndani ya dakika chache. Ombi la kwanza la akiba likakubaliwa mchana uleule.

Naligusa ombi letu la Marekani kwa ufupi tu, kwa kuwa lilisimamiwa na wakala mshirika wa huko na ofisi yetu ilikuwa mjumbe. Nilitarajia hoja zilezile zinakiliwe. Wakala alinionya kwamba huko, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex wa mwaka 2007, mtahini hahitaji kuonyesha maandishi yanayofundisha waziwazi kuunganisha nyaraka, na kwamba mkazo ungekuwa kwenye waraka wa pili kufundisha kinyume na kwenye matokeo yasiyotabirika. Maelezo hayo yalikuwa mafupi na ya kueleweka, na yalitusaidia kutouliza maswali ya kijinga.

Kuhusu mambo ya ofisi yenyewe, muda wa miezi minne uliowekwa kujibu barua ya mtahini uliheshimiwa, ingawa rasimu zilitufikia zikiwa zimebaki siku tisa katika duru ya kwanza, jambo lisilokubalika kwa timu inayohitaji kufanya vipimo. Duru ya pili, baada ya kulalamika, tulipata wiki sita. Ankara zilikuwa wazi kwa saa lakini si kwa kazi: mstari ulioandikwa „mapitio ya faili" ulijirudia mara nyingi kiasi kwamba nililazimika kuuliza ni faili gani inayohitaji kupitiwa hivyo. Walieleza kwamba kubadilisha msimamizi wa shauri kulihitaji mtu mpya asome upya kila kitu. Inaeleweka, ila gharama ya uamuzi wa ndani wa ofisi haikupaswa kuwa yetu, na baada ya mabishano ya adabu walipunguza sehemu yake.

Lugha yao kwa mteja ilikuwa nzuri. Wakala mwandamizi alikuwa na tabia ya kumaliza kila simu kwa kunitaka nimweleze kwa maneno yangu mwenyewe ni kipi tutakachosema na kwa nini. Mwanzoni nilijihisi kama mwanafunzi. Baadaye niligundua kwamba alikuwa akitafuta mahali ambapo maelezo yangu yanatofautiana na maandishi yake, na mara mbili alizipata tofauti hizo na kusahihisha jibu kabla halijatumwa. Ya kwanza ilikuwa pale alipoandika kwamba tunasoma mkondo „baada ya" mota kugeuka, ilhali tunasoma wakati inageuka, na kosa hilo lingeibomoa hoja ya milisekunde 14 yote.

Ningewapa tena kazi ya kutetea ombi lililokwama mbele ya mtahini, tena bila kusita, mradi jina la wakala mwandamizi liandikwe kwenye barua ya makubaliano. Kazi ya kuandika ombi jipya ningewapa kwa sharti kwamba mwandishi aje kuiona mashine ikichomelea, aondoke na grafu za mkondo na volteji kwa angalau unene wa aina tatu za waya, na asikate sentensi ya mhandisi kabla ya kumuuliza aliiweka kwa nini. Ombi letu la pili, linalohusu jinsi ya kutambua mrija uliochakaa kutokana na usomaji uleule, linaandikwa sasa. Mwandishi amekwisha kuja kiwandani mara mbili, na mara ya pili aliomba miwani ya giza ili alitazame tao mwenyewe.